Kurekebisha Njia ya Hewa ya Injini Ukiwa Nyumbani: Mwongozo Kamili wa Kupima, Kutengeneza na Kujua Kama Kuna Faida

Maswali yanayonifikia kuhusu jambo hili yanafanana. Mtu ana IST, Probox au Fielder ya 1.5. Amenunua chujio la koni, boksi la kiwandani amelitupa stoo, amepitisha bomba la PVC na kukaza klipu. Gari sasa linanguruma kama la mashindano, lakini kilima kile kile linakipanda kwa shida kuliko zamani. Wiki inayofuata taa ya injini inawaka.

Wengi hawakosei kukata wala kufunga. Wanakosea kwa kuanza kutengeneza kabla ya kupima, halafu wanatengeneza upande usio wake. Kwa hiyo hapa nusu ya kazi ni kupima, na kuna uwezekano mkubwa ukaishia hapo bila kukata kitu.

Mfano wangu ni injini ya Toyota 1NZ-FE, kwa sababu barabara zetu zimejaa hiyo: sentimita za ujazo 1,497, na kwa matoleo mengi ya Japani nguvu za farasi 109 kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika. Mwenye injini nyingine ya petroli isiyo na turbo atafuata hatua hizi hizi. Turbo na dizeli nimezigusa baadaye.

Kanuni inayoongoza yote ni hii: kazi yako ifanyike kabla ya chujio. Baada ya chujio usiguse. Ukikosea kabla ya chujio, mara nyingi hasara yako ni bomba tu, mradi maji yasiingie. Ukikosea baada yake, vumbi linaingia kwenye silinda, au kompyuta ya gari inadanganywa kuhusu kiasi cha hewa.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Vya kupimia:

- Kifaa cha OBD (cha kuchomeka kwenye tundu la kompyuta ya gari) cha aina ya ELM327 na simu yenye programu ya kusoma sensa, kwa mfano Torque. Baadhi ya Toyota za soko la Japani za mwanzoni mwa miaka ya 2000 hazizungumzi na programu mpaka ubadilishe mpangilio wa mawasiliano, kwa hiyo jaribu kifaa kwenye gari lako kabla ya kulipa.
- Mita tatu za mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule wa mafundi ujenzi wa kuchukulia levo. Kipenyo cha ndani cha milimita 6 hivi kinatosha.
- Ubao wa mita moja, futi ya kupimia na gundi ya karatasi.
- Tii ndogo ya plastiki (zile za umwagiliaji wa matone zinafaa) na chupa ndogo tupu yenye kifuniko.
- Kipimajoto cha kawaida.

Vya kutengenezea, usivinunue mpaka hatua ya 5 ikuambie:

- Bomba la kunyumbulika la kipenyo cha milimita 75 au 80, la alumini au la mpira wenye waya ndani, urefu usiozidi mita moja.
- Klipu za kukaza kwa bisibisi na vishikizo vya plastiki.
- Kipande cha bati la alumini. Kamukunji kwa Nairobi au Gerezani kwa Dar utapata mabaki kwa wanaotengeneza masufuria.
- Wavu wa waya wenye matundu ya kama sentimita moja.
- Chujio jipya la karatasi la saizi halisi ya gari lako.

Spana namba 10, bisibisi na tochi nadhani unavyo.

## Hatua ya 1: Isome kompyuta ya gari kabla ya kufungua boneti

Washa gari, liache lipate joto la kawaida la kazi, kisha fungua programu na uandike mambo matatu: kodi za hitilafu kama zipo, marekebisho ya mafuta (utayaona kama STFT, ya muda mfupi, na LTFT, ya muda mrefu), na joto la hewa inayoingia, linaloandikwa IAT.

Kwa nini: kompyuta hupima hewa kwa sensa ya MAF, kisha huamua mafuta. LTFT inakuonyesha imelazimika kuongeza au kupunguza mafuta kwa asilimia ngapi ili mchanganyiko ukae sawa. Ikiwa kati ya -10 na +10, gari liko katika hali ya kuzungumzika. Ikipita +10 kwenye silensa (injini inanguruma bila kukanyagwa mafuta) na kushuka ukipandisha mizunguko, kuna hewa inayoingia kwa mlango wa nyuma bila kupita kwenye sensa. Ziba hapo kwanza. Hakuna marekebisho yatakayofaa juu ya gari linalovuja.

Onyo: kodi P0171 maana yake mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Usiifute ukaendelea kana kwamba hukuiona.

Jambo jingine la kuandika mapema ni mahali ulipo. Ukitoka Mombasa au Dar ukafika Nairobi, shinikizo la hewa linashuka kutoka kilopaskali 101 hivi hadi karibu 82. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya hasara anayolalamikia mtu anaposema "gari lilikuwa jepesi Pwani, huku limekuwa zito". Kinachobaki ni vilima na mzigo. Chujio la koni halitaishusha Nairobi mpaka usawa wa bahari.

Umefaulu ikiwa: una karatasi yenye namba zote, tarehe na joto la nje la saa hiyo. Usitegemee kumbukumbu.

## Hatua ya 2: Fungua boksi, usome vumbi

Toa klipu za boksi la hewa, inua kifuniko, chomoa chujio. Usivute waya za sensa. Sasa chukua kitambaa cheupe na ukipitishe ndani ya upande wa baada ya chujio, yaani upande unaoelekea kwenye injini.

Kitambaa kikitoka safi au na kivuli chepesi, vizuri. Kikitoka na vumbi jekundu la barabara ya murram, simama. Mara nyingi utaona pia mstari mwembamba wa kahawia umevuka ukingo wa mpira wa chujio, mahali pamoja tu, kama urefu wa kidole. Hapo ndipo hewa inapopita bila kuchujwa. Sababu huwa ni chujio la bei ya chini ambalo ukingo wake ni mwembamba, klipu moja iliyovunjika, au boksi lililofungwa na karatasi imekunjika pembeni.

Kwa nini ni muhimu hivi: vumbi hilo ni mchanga. Likifika kwenye silinda linasaga ringi na kuta, gari linaanza kula oili, na hapo hakuna marekebisho ya hewa yatakayokurudishia nguvu isipokuwa kufungua injini.

Kagua pia upande wa kabla ya chujio. Majani, manyoya ya kuku, kiota cha panya: vyote nimevikuta humo, na kitambaa cha fundi mara moja.

Onyo: usipulize chujio la karatasi kwa kompresa ukielekeza mdomo karibu. Upepo mkali unatoboa karatasi matundu usiyoyaona. Ligonge polepole chini, na kama halirudi kwenye rangi yake, nunua jipya. Sensa ya MAF nayo haifutwi kwa kitambaa wala pamba. Kuna dawa yake maalumu ya kupuliza. Ya kusafishia kabureta si ya hapo.

Umefaulu ikiwa: chujio ni jipya au safi, ukingo unakaa pande zote nne, na klipu zote zinafunga kwa nguvu. Rudia hatua ya 1. Idadi nzuri ya watu wanaishia hapa, gari limepona.

## Hatua ya 3: Pima kama injini inabanwa, kwa mpira wa levo

Hii ndiyo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka, nami nitakaa hapa kidogo.

Madai ya kila muuza koni ni kwamba njia ya kiwandani inabana. Inawezekana. Lakini kubana kunapimika, na kipimo chake ni rahisi kuliko kubishana.

Kunja mpira uwe na umbo la U, ugandishe kwenye ubao na uweke futi katikati. Mimina maji mpaka yafike nusu ya kila upande, karibu sentimita 40. Tia rangi ya chakula kidogo ili yaonekane. Ncha moja ya mpira iache wazi. Ncha nyingine ipitishe kwanza kwenye ile chupa tupu, kisha kutoka kwenye chupa uende kwenye tii. Chupa ni ya kunasa maji yakivutwa kwa bahati mbaya.

Tii inaingia wapi? Kwenye kifuniko cha valvu kuna mipira miwili ya hewa. Mmoja unakwenda kwenye bomba kubwa kati ya chujio na throtoli (mlango wa hewa unaofunguka ukikanyaga mafuta). Huo ndio wako. Ukate katikati (au utumie kipande cha mpira wa spea ili usiharibu wa kiwandani) na ufunge tii.

Onyo kubwa: mpira wa pili unakwenda kwenye manifoldi (mabomba ya kugawia silinda hewa), nyuma ya throtoli. Usiguse huo. Injini ikiwa silensa, mvuto wa huko unaweza kunyanyua maji mita kadhaa, na ubao wako wote utamezwa kwa nukta moja.

Pitisha mpira pembeni ya boneti hadi dirishani. Abiria ashike ubao wima na arekodi kwa simu. Dereva, tafuta barabara tupu iliyonyooka, weka gia ya kwanza au L, kanyaga mafuta mpaka mwisho hadi karibu mizunguko 5,500 au 6,000, halafu achia. Kwenye magari haya mwendo utakuwa hamsini na kitu tu, hakuna haja ya kukimbia. Rudia mara tatu.

Soma tofauti ya urefu kati ya pande mbili. Upande mmoja ukishuka 6 na mwingine ukapanda 6, jibu ni sentimita 12. Wengi wanasoma 6.

Maana ya jibu: sentimita 10 za maji ni karibu kilopaskali moja, na kilopaskali moja kwa mtu wa Pwani ni karibu asilimia 1 ya hewa yote. Kwa Nairobi ni asilimia 1.2. Kwa hiyo sentimita 12 maana yake ni kwamba hata ukiondoa chujio, boksi na bomba lote, injini ikavuta hewa ya bure kabisa, faida haiwezi kupita asilimia 1.2 au 1.4. Kwa farasi 109 hiyo ni farasi mmoja na nusu, nao utakuwa umeununua kwa vumbi.

Vipimo ninavyotumia mimi kuamua:

- Chini ya sentimita 15: njia ya kiwandani haibani. Iache.
- 15 hadi 30: badilisha chujio na upime tena. Kisha chomoa pua ya boksi (bomba la kabla ya chujio) na upime tena chujio likiwa ndani. Tofauti ya vipimo hivyo viwili ni mchango wa pua.
- Zaidi ya 30: kitu kimeziba au bomba la mpira linajibonyeza ndani likivutwa. Litafute.

Hesabu inaeleza kwa nini gari nyingi zinaangukia kundi la kwanza. Injini ya lita 1.5 kwenye mizunguko 6,000 inavuta lita 75 kwa sekunde ikijaa kabisa, nayo haijai kabisa. Kwenye bomba la milimita 65 hewa hiyo inakwenda kama mita 22 kwa sekunde. Mwendo huo hauisumbui hewa kwenye bomba laini. Wahandisi walioliweka bomba hilo walijua wanachofanya. Ule utumbo wa plastiki uliopinda na vile viboksi vya pembeni visivyo na kazi inayoonekana viliwekwa kuua mlio. Ukiving'oa unapata mlio, na masikio yanauhesabu kuwa nguvu.

Umefaulu ikiwa: vipimo vitatu vinatofautiana kwa sentimita moja au mbili tu. Vikiruka sana, tii inavuja.

## Hatua ya 4: Pima joto la hewa inayoingia

Kama hewa haibanwi, kinachobaki ni joto lake, na hapa ndipo kwetu kuna kitu cha kweli cha kupata.

Hewa ikipata joto inakuwa nyepesi. Ikiingia kwenye nyuzi 65 badala ya 35, uzito wake kwa ujazo ule ule unapungua karibu asilimia 9. Nguvu haishuki kwa kiwango hicho hicho moja kwa moja, lakini inafuata njia hiyo, na kompyuta ikiona joto kubwa inachelewesha pia cheche ili injini isigonge. Hapo unapoteza mara ya pili.

Soma IAT katika hali tatu, kila mara uandike na joto la nje kivulini:

1. Mwendo wa 80 bila kubadilika, kwa dakika kumi.
2. Foleni, au silensa na feni ya rejeta ikifanya kazi, kwa dakika kumi.
3. Gari limezimwa robo saa juani, kisha likawashwa.

Tarajia hivi: hali ya tatu itatisha, na isikutishe. Boksi limechemka likiwa limesimama, na ukianza kwenda joto linashuka ndani ya dakika chache. La kuangaliwa ni la kwanza. IAT ikizidi joto la nje kwa nyuzi 10 au chini ya hapo ukiwa mwendoni, gari lako tayari linavuta hewa ya nje. Ikizidi kwa 20 au zaidi, linavuta hewa iliyopita kwenye rejeta.

Onyo: ukishafunga koni wazi ndani ya boneti, pima hali ya pili tena. Utaelewa kwa nini kilima kimekuwa kirefu.

## Hatua ya 5: Amua

Maji chini ya 15 na tofauti ya joto chini ya 10: funga boneti. Huna kazi hapa. Pesa ya koni inunue plagi, au magurudumu yenye upepo sahihi.

Maji juu, joto sawa: tatizo ni kuziba, na umeshaonyeshwa pa kutafuta.

Joto juu: endelea na hatua ya 6. Usitarajie miujiza. Ukishusha nyuzi 20 ukiwa mwendoni, faida itakuwa asilimia chache, farasi watatu au wanne. Utaihisi zaidi unapotoka kwenye foleni ya mchana kuliko barabara kuu.

Na matumizi ya mafuta? Maabara ya Taifa ya Oak Ridge nchini Marekani ilichapisha majaribio yake mwaka 2009. Waliyaziba machujio ya magari ya petroli yenye injeksheni, na matumizi ya mafuta hayakubadilika kwa kiasi cha maana. Kilichoshuka ni uwezo wa kuongeza mwendo. Sababu iko wazi: ukiendesha taratibu, throtoli yenyewe ndiyo inayoibana hewa. Ukiifungulia njia mbele, throtoli inafunga kidogo zaidi kupata kiasi kile kile. Anayekuahidi kuokoa lita kwa chujio la koni anakuuzia maneno.

## Hatua ya 6: Pitisha bomba la hewa baridi hadi kwenye pua ya boksi

Boksi, chujio na sensa vinabaki kama vilivyo. Unachotengeneza ni mkono wa kulipelekea boksi hewa ya nje.

Chagua mdomo. Nyuma ya grili, juu, usawa wa kufuli ya boneti. Usiende chini ya usawa wa taa kubwa. Najua picha za mtandaoni zinaonyesha bomba likishuka hadi nyuma ya bampa ambako hewa ni baridi kweli. Huko ndiko maji yaliko pia. Maji hayagandamiziki, injini ikimeza ya kutosha, fimbo ya pistoni inapinda. Anayepita Jangwani kule Dar, panapofurika, mvua za masika aliwaze hili mara mbili.

Usielekeze mdomo mbele moja kwa moja. "Lakini nataka upepo usukume hewa ndani." Kwa mwendo wa 100, upepo wote ukinaswa bila hasara yoyote unasukuma kama sentimita 4.5 za maji. Chini ya nusu asilimia. Geuza mdomo upande au kidogo chini, mvua isiingie.

Pitisha bomba. Njia fupi, mikunjo michache, mbali na feni, mikanda na ekzosi. Usizibe uso wa rejeta wala kuondoa mpira wa kuziba juu yake. Injini ikichemka hujapata faida. Bomba la PVC la maji taka liache: linaanza kulainika karibu nyuzi 80, na ndani ya boneti joto hilo linafikika.

Toboa tundu la milimita 5 mahali bomba linaposhuka zaidi. Maji yakiingia yatoke hapo kabla ya kufika kwenye boksi.

Usiunganishe kwa kuziba kabisa. Mwisho wa bomba uingie kwenye pua ya boksi ukiacha upenyo mdogo kuzunguka, kama upana wa kidole. Mdomo wa mbele ukizibwa na karatasi au mfuko (Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2017 na Tanzania 2019, lakini barabara bado hazijapata taarifa), injini itapumua kupitia upenyo huo.

Funga wavu kwenye mdomo. Matundu ya sentimita moja yanazuia majani na ndege wadogo. Wavu wa mbu unaziba kwa wadudu katika safari moja ya usiku.

Umefaulu ikiwa: unalitikisa bomba kwa mkono na haligusi kitu chochote kinachozunguka au chenye moto, na boneti inafunga bila kulikunja.

## Hatua ya 7: Likinge boksi na joto la injini

Kata bati la alumini kwa umbo la upande wa boksi unaoitazama injini. Pinda kingo zisikate waya. Lifunge kwenye boliti zilizopo, likiacha nafasi ya sentimita moja au mbili kati yake na boksi. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya kazi. Bati likigusa boksi linapitisha joto badala ya kulizuia.

Onyo: angalia bati liko mbali na tamino za betri.

## Hatua ya 8: Pima tena, kwa haki

Rudia hatua ya 3 na 4, saa zile zile, AC imezimwa, mafuta kiwango kile kile, watu wale wale. Ukitaka na muda wa kuongeza mwendo, rekodi kwa programu kutoka mizunguko 3,000 hadi 5,500 kwenye gia moja, kwenda na kurudi kwenye barabara ile ile, kisha chukua wastani. Kwenda peke yake hakutoshi, kwa sababu upepo na mteremko mdogo vinashinda farasi watatu.

Umefaulu ikiwa: IAT mwendoni imesogea hadi nyuzi 5 au 8 za joto la nje, kipimo cha maji hakijapanda, na LTFT haijabadilika. Kipimo cha maji kikipanda kwa sentimita 5, bomba lako ni jembamba au limepinda sana, na umerudisha kwa mkono wa kushoto ulichopata kwa kulia.

## Vitu vya kuviacha dukani

Feni ya umeme ya kuingiza hewa. Kusukuma lita 75 kwa sekunde kwa shinikizo la ziada la kilopaskali 10 kunahitaji wati 750 za kazi halisi, na feni nzuri ingekula mara mbili ya hapo: zaidi ya amperi 100 kwenye volti 12. Ile ya dukani yenye waya mwembamba kama wa redio haifanyi kazi hiyo. Ukikanyaga mafuta inakuwa kizuizi.

Panga za kuzungusha hewa ndani ya bomba. Zinaongeza kubana. Pima kwa ubao wako uone.

Koni ya pamba yenye mafuta, kwa barabara za vumbi. Ikipakwa mafuta kupita kiasi yanafika kwenye waya wa MAF na kuiharibia hesabu.

## Turbo na dizeli

Dizeli haibanwi na throtoli kama petroli, na turbo ina kiu ya hewa nyingi zaidi, kwa hiyo chujio chafu huko linaonekana mapema: moshi mweusi na kuchelewa kuvuta. Kipimo cha maji bado kinafaa, ila ongeza urefu wa ubao. Kanuni ya kabla ya chujio inabaki, tena kwa ukali, maana panga za turbo zinakwenda kasi sana na chembe ya mchanga ikizigonga inaacha alama.

## Kwa mliokwishafunga koni

Rudisha boksi la kiwandani kama bado lipo. Kama uliliuza, tafuta la mtumba kwa namba ya chasi, lije na kishikio cha sensa ya aina ile ile.

Sababu ya kusisitiza kishikio: MAF inapima kasi ya hewa pale ilipo, na kompyuta inazidisha kwa upana wa bomba inaoujua. Ukiihamisha kutoka bomba la milimita 60 hadi la 70, upana umeongezeka asilimia 36, kasi imeshuka, na kompyuta inaona hewa pungufu kwa karibu asilimia 26. Inatoa mafuta machache. LTFT inapanda mpaka inaishiwa, P0171 inakuja, na gari linakuwa zito hasa unapokanyaga mwisho. Hilo ndilo jibu la nusu ya maswali ninayopata.

Ukisharudisha, puliza MAF kwa dawa yake, iache ikauke kabisa, futa kodi, kisha endesha siku chache za kawaida ukiangalia LTFT ikishuka. Ikibaki juu ya +10, kagua bomba la mpira lenye mikunjo kati ya sensa na throtoli. Ufa huwa upande wa chini, ndani ya mkunjo, na hauonekani mpaka ulitoe bomba na kulipinda kwa mikono miwili mbele ya mwanga.